Sura ya Sita: Wafu wa Songea

Mji wa Songea una jina la mtu aliyenyongwa. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma lao karibu na makazi ya nduna (kiongozi wa vikosi) mmoja mashuhuri wa Wangoni, Songea Mbano, wakaliita boma hilo kwa jina lake. Miaka tisa baadaye wakamtia kitanzi mtu huyo huyo, lakini jina wakaliacha pale pale. Waingereza wakalikuta, nao wakaliacha. Leo makondakta wanaliita kwa sauti kwenye vituo vya mabasi Dar es Salaam, Iringa na Njombe, wasafiri wanaitikia na kupanda, na ni wachache kati yao wanaojua kwamba wanamtaja marehemu.

Wafu wengine wa vita ya Majimaji, ile ya kuupinga utawala wa Wajerumani iliyomfikisha Songea kitanzini, wamegawiwa sehemu nyingine za mji. Uwanja wa mpira unaitwa Majimaji, na timu inayocheza hapo ni Majimaji, ambayo mashabiki wanaiita Wanalizombe kwa ngoma ya wazee wa Kingoni. Eneo la Mahenge, ndani ya mji, lina makumbusho, makaburi na sanamu za viongozi walionyongwa. Mwishoni mwa Februari kila mwaka mji mzima hugeuka kuwa msiba wa heshima: ngoma zinachezwa, silaha za jadi zinawekwa mnarani, wazee wanaomba, na viongozi wa serikali wanahutubia. Naijua miji michache sana katika nchi yetu inayowatunza wafu wake kwa juhudi namna hii. Kwa sababu hiyo nimeitengea Songea sura nzima, na kwa sababu hiyo hiyo nitasema wazi kwamba deni lililobaki bado ni kubwa. Tumewakumbuka watu hawa kwa namna walivyokufa. Maisha yao tumeyaacha nje ya uzio, pamoja na wafu wengine wengi mno ambao hawakupata hata kitanzi.

Tuanze na maisha.

Wangoni wa Songea walitoka mbali. Babu zao waliondoka kusini kabisa mwa Afrika wakati wa misukosuko iliyofuatana na kukua kwa dola ya Wazulu. Wakiongozwa na Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa, na wanahistoria wamekuwa na bahati ya kuishika tarehe hiyo kwa sababu ya giza la mchana. Zwangendaba alifia Ufipa karibu na mwaka 1848, na baada yake kundi likapasuka. Waliokuja kukaa katika bonde la Ruvuma walikuta wenzao wa kundi la Maseko wamekwisha kutangulia. Pakazuka vita, Wamaseko wakafukuzwa, wengi wao wakaishia Malawi. Waliobaki wakajenga dola mbili: Njelu upande wa kusini na Mshope upande wa kaskazini. Kila moja ilikuwa na mfalme wake, nkosi, na chini yake manduna walioongoza vikosi na maeneo.

Dola hizo zilisimama kwa vita. Vikosi vya Wangoni vilishambulia mbali, hata kuelekea pwani, vikirudi na ng'ombe, nafaka na mateka. Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, Wabena na wengineo walichukuliwa, wakaingizwa katika vikosi, wakaoa na kuolewa, wakazaa. Wenye asili ya kusini walikuwa wachache sana ndani ya umati waliouteka, na jambo hilo bado linasikika leo: Kingoni kinachozungumzwa Songea kimekaa zaidi upande wa lugha za waliotekwa kuliko lugha ya watekaji, ingawa maneno ya utawala kama nkosi na nduna yamebaki.

Songea Mbano alikuwa mmoja wa manduna wenye nguvu kuliko wote katika Njelu. Alikuwa jemadari wa utaratibu huu. Huko mbali alikopeleka vikosi vyake aliogopwa, na nyumbani aliheshimiwa kiasi kwamba jina lake lilisikika kuliko la nkosi wake. Nadhani tunamwonea tunapomfanya mtetezi wa uhuru tangu kuzaliwa, kana kwamba hakuwa na maisha kabla ya Wajerumani. Watu waliotekwa na vikosi vya Ungoni walikuwa pia na mama zao waliolia. Ukilisema hilo mbele ya kaburi la Songea hupunguzi heshima yake. Unamrudishia uzito wa mtu mzima aliyekuwa na mamlaka, akayatumia, kisha siku moja akayapoteza.

Aliyapoteza mwaka 1897. Wajerumani waliwaita viongozi wa Wangoni mkutanoni, wakawashika humo humo mkutanoni, wakawalazimisha kukubali utawala mpya. Uvamizi ukapigwa marufuku na mateka wakatakiwa kuachiwa. Kodi ya nyumba ikaanza. Mwaka uliofuata wamisionari wa Kibenediktini wakafungua misheni Peramiho, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka bomani. Kwa nduna aliyezoea kupokea ushuru, kuwa mtu wa kutozwa kodi kulikuwa pigo. Kwa nkosi aliyekuwa mwenye neno la mwisho katika kesi za watu wake, kuona kesi zikipelekwa kwa ofisa kijana wa Kijerumani kulikuwa pigo jingine.

Tukio moja lilichoma zaidi. Wangoni walikuwa na mahali pa kuwaomba mahoka, yaani mizimu ya wahenga wao. Mwaka 1903 mmoja wa mapadre wa Peramiho alichoma moto nyumba ya mahoka huko Maposeni, kwa Nkosi Mputa bin Gwezerapasi Gama. Padre aliona anaangamiza ushirikina. Mputa aliona babu zake wakichomwa moto. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini misheni ya Peramiho nayo iliteketezwa mwaka 1905 aanzie hapa, asianzie kwenye pamba.

Nasema hivyo kwa sababu vitabu vya shule vimetuzoesha kuieleza Majimaji kwa pamba peke yake. Pamba ndiyo sababu kubwa huko ilikoanzia, katika milima ya Matumbi, kaskazini magharibi mwa Kilwa. Gavana von Götzen alikuwa ameamuru mashamba ya pamba ya kijiji, watu wakapelekwa kulima kwa nguvu chini ya majumbe na maakida, na malipo yalikuwa ya kudhalilisha. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa mashina ya pamba, na hiyo ndiyo ikawa tangazo la vita. Ungoni haikuwa na mashamba hayo. Wangoni walikuwa na madai yao wenyewe. Mwanahistoria Patrick Redmond, aliyetafiti Ungoni kwa kina, aliona kwamba watawala wa Kingoni waliingia vitani kwa kutaka kurudisha dola yao, na kwamba wengi wa waliotawaliwa nao hawakuwa na hamu kama hiyo. Naona yuko sahihi. Vita moja ilibeba matumaini ya aina nyingi, mengine yakigongana.

Kilichoyaunganisha ni maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemekana amepagawa na pepo Hongo, aligawa dawa ya maji iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za mtama, akaahidi kwamba risasi za Wazungu zitageuka maji. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa kabisa. Jina lake limekuwa kubwa kuliko majina mengine yote ya Majimaji, na sehemu ya ukubwa huo imetokana na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969 na kusomwa shuleni na vizazi kadhaa. Tamthilia nzuri huwa na nguvu ya namna hiyo: humulika mtu mmoja hadi wengine waliosimama kando yake wakabaki gizani.

Mmoja wa waliobaki gizani ni Nkomanile. Alikuwa mtawala mwanamke katika eneo la Kitanda, upande wa Namtumbo ya leo. Mjumbe wa maji aliyeitwa Kinjala alipofika kutoka upande wa Ungindo, Nkomanile ndiye aliyempokea, na kwa mkono wake dawa ile ikafika kwa Nkosi Chabruma wa Mshope. Bila mlango huo habari ya Majimaji huko Ungoni ingekuwa tofauti. Wajerumani walilijua hilo, wakamnyonga, mwanamke peke yake katika orodha ya Songea. Mara nyingi simulizi zinamtaja kwa sentensi moja, ya kushangaa kwamba alikuwepo mwanamke, kisha zinaendelea na wanaume. Mimi ningependa tuanze kumtaja kwa kazi yake. Alikuwa mtawala aliyepima habari iliyoletwa na mgeni, akaiamini, akaitumia mamlaka yake kuisukuma mbele. Uamuzi wake uligharimu watu wengi, yeye mwenyewe akiwemo, na ulikuwa uamuzi wa kisiasa sawa na wa nkosi yeyote.

Vita yenyewe Ungoni haikudumu muda mrefu katika umbo la mapambano ya uwanjani. Oktoba 1905 askari wa Wajerumani wenye bunduki za rashasha waliwavamia wapiganaji wa Kingoni alfajiri wakiwa kambini, maji hayakuzuia risasi, na watu wakatawanyika. Baada ya hapo ilibaki vita ya maporini, ya vikundi vidogo vilivyojificha na kuvizia. Chabruma alipigana hadi mwaka 1906, akavuka Ruvuma kuingia ardhi ya Wareno, akauawa huko. Mputa, Songea na manduna wengine walikamatwa au walijisalimisha mmoja baada ya mwingine, wakakusanywa bomani.

Tarehe 27 Februari 1906 ndiyo siku ambayo mji unaikumbuka. Zaidi ya watu 60 walinyongwa, na hesabu inayotajwa zaidi Songea ni 67. Mputa Gama alikuwemo. Kabla ya siku hiyo padre wa Kibenediktini aliingia gerezani kuwafundisha na kuwaandaa kwa kifo, na baadhi yao wakakubali kubatizwa. Najaribu kuifikiria saa hiyo kutoka upande wao, nami huwa sipati jibu jepesi. Je, ubatizo ule ulikuwa kushindwa kwa mara ya pili? Au mtu aliyezoea kuwa na mahoka wake karibu, sasa nyumba yao imechomwa na maji yamemsaliti, alihitaji kwenda kaburini akiwa na mtu wa kumwombea? Wajukuu zao wengi leo ni Wakatoliki wa dhati, na katika kumbukumbu za Februari sala za kanisani na matambiko ya wazee hukaa siku moja bila kufukuzana. Sioni sababu ya sisi kuyatenganisha waliyoyaunganisha wao.

Walizikwa katika kaburi moja la pamoja. Mahakama iliyowahukumu ilikuwa ya kijeshi, na uamuzi wa kuwazika pamoja ulikuwa wa wale wale walioamua kuwaua. Mzee wa Kiafrika wa hadhi ya nkosi alikuwa na namna yake ya kuzikwa, na watu wake, na kilio chake. Kumtupa nkosi, nduna na kijana wa kawaida katika shimo moja ilikuwa njia ya kuwaambia waliobaki kwamba ngazi zao zote zimevunjwa. Mji ulilijibu tusi hilo polepole. Kwanza watu walipakumbuka mahali penyewe, kizazi hadi kizazi, bila jiwe la kuonyesha. Baada ya Uhuru pakajengewa, na mwaka 1980 yakafunguliwa makumbusho ambayo baadaye yakawa sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Humo majina yameandikwa. Kuna ukoo wa Gama, ukoo wa Mbano, wa Tawete, wa Komba. Ukisimama na mwenyeji wa Songea mbele ya orodha ile utamwona akitafuta ukoo wake kwa kidole kabla ya kusema lolote.

Songea Mbano hakunyongwa pamoja nao. Alinyongwa baadaye kidogo, peke yake, na kaburi lake liko peke yake. Wasimulizi wa Songea wanaeleza kwamba Wajerumani walifikiri kumwacha hai kwa sababu ya heshima aliyokuwa nayo na faida ambayo wangeipata kwa kumtumia, naye akakataa, akataka afuate wenzake. Ni simulizi ya wazee, na ndivyo ninavyoipokea. Inaniambia jinsi watu wake walivyomjua: mtu asiyekubali kuokoka peke yake.

Na ukoo wake unaamini kwamba kaburi lile halina mtu mzima. Kichwa, wanasema, kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Kwa mtu asiyejua historia ya ukoloni wa Kijerumani madai haya yanaweza kuonekana kama hadithi ya kutisha watoto. Lakini yamekaa katikati ya mambo yanayojulikana vizuri. Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, na Wajerumani wakamkata kichwa. Fuvu lake likawa jambo zito kiasi cha kuandikwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe. Halikurudi hadi mwaka 1954, pale Gavana Mwingereza Twining alipolichagua katika mkusanyiko wa makumbusho huko Bremen kwa kulinganisha vipimo na vya vichwa vya ndugu za marehemu. Alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa huko Kalenga, nalo lipo Kalenga hadi leo. Mangi Meli, mtawala wa Moshi ya Kale, alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake 18, na familia yake imesimulia miaka yote kwamba kichwa chake kilichukuliwa. Mafuvu yalikusanywa na maofisa, madaktari na wasafiri, yakafungwa kwenye makasha, yakapelekwa Berlin kwa wanasayansi kama Felix von Luschan, waliodhani kwamba kwa kupima mifupa wataweza kupanga binadamu katika madaraja. Vita na unyongaji vilikuwa nafasi nzuri ya kupata mifupa hiyo. Hakuna aliyeombwa ruhusa.

Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia huko Berlin, iliyopokea maelfu ya mafuvu ya mkusanyiko huo, iliyachunguza zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki. Matokeo yalionyesha kwamba mengi ni ya Rwanda, na 202 ni ya eneo ambalo sasa ni Tanzania. Watu 202. Kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyemwita kwa jina asubuhi. Septemba 2023 taasisi hiyo ilitangaza jambo ambalo wengi tulidhani haliwezekani: vipimo vya vinasaba vilionyesha ulinganifu kamili kati ya fuvu moja na ndugu walio hai Kilimanjaro. Alikuwa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Mafuvu mengine mawili yalikaribia sana kulingana na watu wa ukoo wa Molelia. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwemo kati ya hayo.

Wiki chache baadaye, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea. Alisimama kwenye makumbusho ya Mahenge, akakutana na wazao wa nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu zao, na akaahidi kwamba nchi yake itashirikiana nao kutafuta fuvu. Alikiri kwamba raia wengi wa nchi yake hawazijui habari hizi. Ilichukua miaka 117 kwa maneno hayo kusemwa mahali pale. Nimesikia watu wakiyabeza kwamba maneno hayalipi kitu. Sikubaliani nao. Katika desturi zetu hakuna suluhu inayoanza kabla ya mkosaji kuja nyumbani kwa aliyekosewa na kutaja kosa kwa mdomo wake. Asiyekuja hana hata pa kuanzia kutoa fidia. Mkosaji amekuja. Sasa yaje yaliyobaki: fedha za utafiti, kumbukumbu za kijeshi zitafsiriwe kwa Kiswahili ili ukoo wa Mbano uzisome wenyewe, na mlango wa stoo za mifupa ufunguliwe kwa wataalamu wetu bila kuomba omba.

Hata hivyo, fuvu la mtu mmoja, likipatikana, litajaza pengo moja. Pengo lililo kubwa kuliko yote Ungoni halina kaburi wala orodha.

Baada ya mapigano ya uwanjani kwisha, Wajerumani waliamua kumaliza vita kwa njaa. Hawakuficha. Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana akieleza kwamba mapigano peke yake hayatawatiisha watu, na kwamba njaa ndiyo itakayofanya kazi hiyo. Vijiji vikachomwa. Maghala yakavunjwa, nafaka ikachukuliwa kulisha askari na wapagazi, iliyobaki ikateketezwa. Watu waliokuwa porini walizuiwa kupanda hadi wajisalimishe. Mvua za msimu zikaja, zikapita, mashamba yakiwa hayana mbegu. Mwaka 1906 na 1907 watu walikula mizizi, walikula ngozi, walikaa kando ya njia wakisubiri kufa. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikadiria waliokufa katika eneo lote la Majimaji kuwa 75,000. Mwanahistoria G. C. K. Gwassa, aliyetumia miaka kuwahoji wazee, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, yaani theluthi moja ya watu wa eneo hilo. Wazungu waliouawa katika vita nzima walikuwa 15.

Mama aliyeficha debe moja la mtama chini ya majani na kulikuta limeibwa. Mtoto aliyezaliwa Januari 1906 na kuzikwa kabla ya masika kwisha. Mndendeule aliyetekwa na Wangoni utotoni, akazoea, akaoa, akawa Mngoni, kisha akafa njaa kwa vita ya mabwana zake. Hao ndio wengi wa wafu wa Songea. Hakuna aliyewasomea hukumu, kwa hiyo hawamo katika jalada lolote. Walizikwa ovyo au hawakuzikwa, na ardhi waliyoilima ikarudi kuwa pori. Tembo na nguruwe pori wakashuka mahali palipokuwa na viunga, mbung'o wakafuata, na wanahistoria wameonyesha jinsi sehemu za nchi iliyoachwa hivyo zilivyokuja kumezwa na pori la hifadhi ya Selous. Watalii wanaolipa kuona ukimya wa nyika ile wanatazama, kwa sehemu, matokeo ya njaa.

Ningetamani Februari ya Songea iwe na siku yao. Siku moja kati ya zile za kumbukumbu, isiyo na gwaride, watu wapike mtama wa aina ya zamani, wawape watoto wale, na wazee wasimulie habari za njaa walizopokea kwa bibi zao. Unyongaji una ushujaa unaoweza kuimbwa, na hilo nadhani ndilo lililotufanya tuukumbuke kwanza. Mtu aliyekufa kwa njaa hatuachii wimbo wa kuimba uwanjani. Ametuachia ukoo uliopungua, na ukoo uliopungua hauna nguvu ya kujisimulia.

Kuna watu walioona mapema kwamba wafu wa vita hii hawapaswi kusahauliwa. Mwalimu Nyerere alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliitaja Majimaji kama ushahidi kwamba watu wetu hawakuwahi kukubali kutawaliwa, na kwa hotuba hiyo wafu wa kusini waliingia katika siasa za Uhuru. Kazi nyingine, ya kimya zaidi na kwangu mimi ya thamani zaidi, ilifanyika mwaka 1968. Chuo cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini, kila mmoja katika eneo ambalo lugha yake aliijua, wakae na wazee waliokuwa wameiona Majimaji kwa macho yao. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1905 alikuwa na 73 wakati huo. Bado alikumbuka mlio wa rashasha, bado alikumbuka nani alimpaka maji, nani alikufa njiani na chini ya mti gani walimwacha. Wanafunzi waliandika, karatasi zikapigwa chapa na kurudufiwa, zikawekwa maktabani, na watafiti wa nje na wa ndani wamezitumia kwa zaidi ya nusu karne kuandika vitabu vyao.

Humo ndimo yalimo majina ambayo minara haina. Yamo ya watu wa Matumbi, Ungindo, Mahenge (siyo ile ya mjini Songea) na Ungoni, pamoja na vijiji ambavyo havipo tena kwenye ramani. Wazee wale wote wamekwisha kufa. Mashahidi sasa ni karatasi. Zinafaa kuchapwa kama kitabu cha Kiswahili, eneo kwa eneo, kisha nakala zipelekwe Kitanda, Maposeni, Nandete, Ngarambe na Peramiho, ziwekwe kwenye shule za kata, ili mtoto wa darasa la saba aweze kutafuta jina la ukoo wake na kumkuta humo baba wa babu yake akizungumza.